Leta daftari lako Alhamisi

Kila Alhamisi saa kumi jioni, nyuma ya banda la mama lishe mmoja pale Nyegezi, Mwanza, sio mbali na stendi, kuna mabenchi manne ya mbao na meza moja ndefu ambayo mguu wake mmoja umeshikizwa na kipande cha tofali. Hapo ndo kijiwe chetu sisi tunaoanzisha biashara. Hakina bango, hakina usajili, jina tu watu wanakiita "Alhamisi", yaani utasikia mtu anasema nilikutana nae Alhamisi hata kama leo ni Jumatatu. Kuna siku tumekuwa watu arobaini wengine wamesimama, na kuna siku moja ya mvua mwezi wa nne tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja anaetengeneza programu ya mahesabu ya maduka ya dawa, tukanywa chai, tukaongea lisaa na nusu kuhusu mteja wake mmoja msumbufu, tukaagana. Ile siku ya watu wawili naihesabu sawa kabisa na ile ya arobaini, na nikifika mwisho wa haya ninayoandika natumaini utanielewa kwa nini.

Naandika kwa sababu kila baada ya muda napigiwa simu na mtu wa Shinyanga, Bukoba, Tabora, anataka kuanzisha jumuiya ya vijana wa startapu, yaani kampuni changa, mjini kwake, na swali la kwanza ni lile lile, kaka mfadhili wa jengo tunampata wapi. Namuelewa sana mtu huyo. Na mimi nilianzia hapo hapo. Nilirudi Mwanza mwaka 2018 kutoka Dar baada ya kampuni yangu kufa, nina deni, nina laptop moja, na kichwani nimebeba picha ya Nairobi nilikoenda mwaka 2014.

Nairobi ilinikamata vibaya mno. Nilipelekwa iHub, ukumbi wa vijana wa teknolojia, ile iliyofunguliwa mwezi wa tatu 2010 pale Bishop Magua Centre, Ngong Road, ghorofa ya nne. Unapanda ngazi unakuta vijana wamejaa, intaneti inakimbia, kahawa, huyu anamuonyesha mwenzie kitu kwenye skrini, wale wanabishana kwenye kona, nikasema basi, hiki ndo kitu tunachokosa nyumbani, nikirudi natafuta jengo. Imenichukua miaka kuelewa kwamba niliona paa nikadhani ndo nyumba. Wale watu walikuwa wameshajuana kabla ya ile ghorofa. Walikuwa wanaandikiana, wanasomana blogu zao, wanakutana kwenye Barcamp, ile mikutano ya wazi ya watu wa teknolojia, wanabishana na kupatana. Januari 2008 Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh akatoa wazo hadharani kwamba jamani tutengeneze ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi, kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakalidaka, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani, mwananchi anatuma taarifa kwamba huku kwetu kumechomwa nyumba na inaonekana kwenye ramani. Kitu kama kile huwezi kukifanya kwa siku chache na watu mliojuana juzi. Jengo lilikuja miaka miwili baadae likawakuta wapo, likawapa pa kukaa.

Na mtu asiniambie kilichowatofautisha na sisi ni mkonga. Mkonga wa SEACOM, ile kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ulifika Mombasa na Dar mwaka ule ule, 2009. Tunaushukuru, bila huo sijui tungekuwa wapi, ila mkonga unaunganisha mashine, kazi ya kuunganisha watu inabaki palepale.

Basi tulianzaje. Tulianza vibaya. Kijiwe cha kwanza kilikuwa baa moja ya Kirumba, saa moja usiku, watu kumi na moja, wanaume watupu. Tukawa tunajiuliza mbona mabinti wanaofanya biashara za mtandaoni mji huu ni wengi na hawaji, tukasema labda hawana muamko, mpaka siku moja dada mmoja akaniambia tu wazi, kaka, saa moja usiku mimi nipo baa na wanaume kumi na moja, nikirudi nyumbani Buhongwa saa nne na daladala za mwisho, mama yangu nitamwambia nilikuwa kwenye nini? Nilinyamaza kwa aibu. Wiki iliyofuata tukahamia kwa mama lishe, saa kumi jioni, na saa kumi na mbili juu ya alama tunafunga hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Ndani ya miezi mitatu nusu ya watu walikuwa wanawake. Hatukutoa semina yoyote ya kuwahamasisha, tulibadilisha saa na kiti.

Baada ya hapo ndo ukaja mradi. Sitautaja, na waliokuja walikuwa watu wema, nataka hilo lieleweke. Walitusikia, wakaja na gari, wakasema mnafanya kazi nzuri sana tunataka kuwawezesha. Tukapewa ukumbi wenye kiyoyozi mjini kati, fulana, chakula cha mchana, na posho, elfu thelathini kwa kila anaehudhuria. Sasa wewe unaejua nchi yetu unajua posho inafanya nini. Wiki ya kwanza watu sabini, wiki ya pili watu mia na kumi, karatasi ya mahudhurio inapita inarudi ina majina ya watu ambao hawapo ukumbini. Sura mpya kibao, wengi hawana biashara wala wazo, wana shida ya elfu thelathini, na mimi siwalaumu hata kidogo kwa sababu elfu thelathini ni hela. Ila mazungumzo yalikufa. Mtu hawezi kusimama mbele ya watu mia moja na kumi akasema mwezi huu nimeshindwa kulipa mshahara wa kijana wangu. Anasimama anasema "kampuni yangu inaleta suluhisho la kidijitali kwa wakulima", watu wanapiga makofi, anakaa. Baada ya miezi tisa bajeti ikaisha, na Alhamisi ya kwanza isiyo na posho tulirudi kwa mama lishe tukiwa saba. Saba tu. Wengine kati ya wale kumi na moja wa mwanzo hawajarudi mpaka leo, kwa sababu katikati ya ule mradi waligombana kuhusu nani awe mratibu.

Hiyo miezi tisa iliniuma kuliko kampuni yangu kufa, nasema kweli.

Aliyetuinua ni mzee mmoja, mstaafu wa ushirika, alikuwa anakuja kula pale kwa mama mchana na siku hiyo akawa amechelewa kuondoka. Alitusikia tunalalamika, akauliza ninyi ni vijana wa nini, tukamueleza, akacheka kidogo akasema hamjui kwamba mji huu ulishafanya hicho mnachokitaka? Akaanza kutuhadithia habari za Paul Bomani. Mimi nilikuwa namjua Bomani kama jina la waziri wa fedha wa zamani, basi. Kumbe mwaka 1947, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, wenye vijiduka, watu wanaoanza kama sisi. Na kilio kikubwa cha ukanda mzima wakati huo kilikuwa mizani. Mkulima analeta pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi anapima kwa mizani yake mwenyewe, mkulima anaondoka anajua kabisa kaibiwa na hana pa kusema. Wakulima wa Usukuma wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, mtu wanaemuamini, anasimama pembeni ya mizani anaangalia kilo. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Cooperative Unions, muungano wa vyama vya ushirika, ikaja kumiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba na kuwa moja ya ushirika mkubwa kabisa Afrika.

Mzee akatuambia, mnaona, hawakuanza na jengo, walianza na mtu wa kuangalia mizani. Afu akanyamaza akasema na mwisho wake muujue vilevile, maana ilipokuwa kubwa, mikono mingine ikaingia, maamuzi yakawa yanatoka juu, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima kwa amri. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982, ila ile roho ya mwanzo, akasema, haikurudi na sheria.

Nililala nalo hilo neno mizani siku kadhaa. Alhamisi iliyofuata nikapendekeza sheria moja na ndo sheria pekee tuliyonayo mpaka leo: ukija, leta daftari lako. Sio mpango wa biashara, sio slaidi, daftari. Mwezi huu umeuza shingapi, umetumia shingapi, nani anakudai, unamdai nani. Kila Alhamisi watu wawili wanafungua daftari mezani na wengine wote tunakuwa wapimaji, na yanayosemwa pale hayatoki pale. Ukishindwa kufungua hakuna anaekufukuza, kaa usikilize hata mwaka, zamu yako utaiomba mwenyewe.

Nikwambie kitu kinachotokea watu wakiona namba za kweli. Kuna vijana wawili walikuwa na programu ya simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, soko ambalo mzigo wake unaenda mpaka Kongo, Burundi na Rwanda. Walikuwa wanatoza kwa mwezi, elfu kumi na tano kila tarehe moja, na walikuwa wanakufa, wateja wanalipa mwezi huu, mwezi ujao hawalipi, wao wakadhani programu ni mbaya wakawa wanaongeza vitu kila siku. Walipofungua daftari, mama mmoja muuza dagaa ambae alikuja na binti yake tu siku hiyo, akaangalia zile tarehe akauliza, wanangu, hamuangalii mwezi? Wakadhani anasema kalenda. Akanyoosha kidole juu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, mzigo hamna, hela hamna. Mwezi wa angani ukijaa karibu na tarehe moja, unamdai mtu wakati mfuko wake ni mtupu, na zile tarehe zinahama kila mara kwa sababu mwezi wa angani na mwezi wa kalenda havifuatani. Wakabadilisha wakawa wanatoza kwa giza, yaani msimu mmoja wa giza malipo mara moja, wateja wale wale, programu ile ile, na malipo yakaanza kuingia. Ni maarifa ambayo kila mtoto wa mwaloni anayo, ila hao vijana walikulia mjini, na wasingeyapata kama ile meza ingekuwa ya watu wa teknolojia watupu.

Ndo maana nasisitiza, usijaze kijiwe na watu wanaofanana. Sisi tumekaribisha fundi wa kuchomelea, wauza vitenge wa Makoroboi, binti anaekausha dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani, wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT maana wapo hapo hapo jirani, mtu wa bodaboda. Ofisa mmoja wa kodi alikuja akiwa likizo akajibu maswali mpaka tukavuka saa kumi na mbili, mara yetu ya kwanza.

Na wazee wa mji. Hili nitalisema taratibu kwa sababu vijana wengi hawalioni. Tunasoma habari za wawekezaji wa Marekani wanaotoa dola laki tano, tunakaa tunawasubiri Mwanza. Mtaji wa Mwanza upo, uko kwa watu wa ng'ombe, watu wa samaki, watu wa dhahabu wanaoshuka kutoka Geita, wenye maduka ya jumla ambao hawajui neno startapu na wakilisikia hawavutiwi. Wao wana lugha yao ya mtaji na inaitwa mali kauli. Nakupa mzigo bila hela, kwa neno lako tu, uza uniletee. Tulimpeleka dogo mmoja wa kufunga mifumo ya sola kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, dogo kajiandaa na laptop, mzee hata hakuiangalia, akauliza tu nani anakujua? Tukasema sisi, tumeona daftari lake mwaka mzima. Akauliza analipa? Tukasema kuna mwezi alichelewa na alisema mapema kabla hajaulizwa. Mzee akampa betri na paneli za milioni sita kwa mali kauli, bila riba, bila karatasi. Sasa hapo fikiria, kilichomdhamini yule dogo ni nini? Zile Alhamisi alizokuja kwenye mvua. Kijiwe kikidumu kinatengeneza watu wanaoweza kusema "namjua huyu" na wakaaminika, na mji ambao benki inadai hati ya nyumba ambayo huna, hicho ni kitu kikubwa kuliko ukumbi wenye kiyoyozi.

Ila biashara zinakufa, nyingi. Mimi yangu ilipokufa Dar nilizima simu wiki tatu, nikawa nakwepa hata njia wanazopita watu tuliofanya nao kazi, na hakuna aliyenitafuta, sio kwa ubaya, watu hawakujua waseme nini. Nilijiapiza hilo lisimkute mtu wa kwetu. Sisi Watanzania tuna vyama vya kufa na kuzikana kila mtaa, tunajua kabisa mtu akifiwa tufanye nini, hakuna anaekaa akajiuliza nafikia wapi, unachukua kiti unaenda, unakaa. Kwa hiyo tukaamua kampuni ikifa tunakaa msiba. Mwenye kampuni anapewa Alhamisi nzima. Anasimulia ilivyoanza mpaka ilivyoisha, analia akitaka kulia, hakuna anaemkatiza na hakuna anaemwambia "ungefanya hivi". Tunachanga rambirambi kweli, kila mtu alichonacho, safari moja ilitosha kumlipia mtu kodi ya pango miezi miwili. Tunagawana wateja wake wasibaki wanahangaika, meza na kompyuta zake ananunua mmoja wetu kwa bei ya haki. Na ndani ya siku arobaini mtu mmoja anakuwa na kazi ya kumpitia nyumbani, maana siku za baada ya watu kutawanyika ndo ngumu.

Tumekaa misiba tisa. Saba kati ya hao wenye misiba wanakuja mpaka leo, wanne wana biashara nyingine, na wao ndo wapimaji wetu wakali na wapole kuliko wote. Mtu akifungua daftari likawa na harufu ile, wanaijua kabla yetu.

Kuna watakaohama, nalo tulikubali. Wengine wameenda Dar, mmoja yuko Kigali, na kila mara mtu anauliza sasa faida yenu nini kama mnawalea wanaondoka. Yule wa Kigali ndie aliyemtafutia dada wa vitenge mnunuzi wake wa kwanza nje ya nchi. Ng'ambo ya ziwa kule Kisumu, mwaka 2017 mabinti watano wa shule ya Kisumu Girls wakijiita The Restorers walitengeneza programu ya i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaotishiwa kukeketwa, wakafika nayo mpaka mashindano ya Technovation kule Silicon Valley. Ziwa ni lile lile tunalotazama sisi. Nikiona mabinti wa SAUT wanachukua benchi la mbele huwa nawakumbuka wale.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili imefika, tunakusanya vikombe, mama lishe akaniita pembeni. Miaka yote hii anatuchemshia chai, anatusikia mgongoni huku anakaanga samaki, hajawahi kutuuliza kitu. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa daftari la shule lenye gamba la bluu, limechoka, kurasa zimeingia mafuta. Akasema baba, na mimi nina biashara. Niliwaita waliokuwa wameshafika barabarani, wakarudi, tukakaa tena. Akafungua. Mkaa gunia moja kwa siku nne, mchele, mafuta, madeni ya makondakta wa stendi kwa majina, na pembeni kwa mwandiko wa mtoto wake hesabu ambazo hazikuwa zinajumlisha, mkaa ulikuwa unakula karibu theluthi nzima ya mauzo na hakuwa akijua. Yule dogo wa sola akauliza kama anaweza kupima jiko lake kesho asubuhi. Tulipiga hesabu mpaka giza likaingia, mama ameshika tochi ya simu juu ya daftari lake mwenyewe, anatuangalia mmoja mmoja usoni kila tunapotaja namba.